Kadi ya mtumba: pima ubao wa nyuma kabla hujachomeka

Huku Mtwara kadi mpya za makabati ya zamani ya simu na ya kuendeshea mitambo hazipatikani, kwa hiyo tunaishi kwa mitumba kutoka Dar. Sioni ubaya. Ubaya ni fundi kutazama tu konekta ya ubao wa nyuma (backplane), ule ubao wa ndani ya kabati unaounganisha kadi zote: pini zimelingana, kadi imeingia, kazi imekwisha. Konekta haisemi lolote kuhusu volti za ishara.

Mimi hutoa kadi zote, nikabakiza tu zile zenye rezista za mwishoni (terminator), zinazokaa kwenye ncha za njia za data, kama zipo. Nawasha kabati, waya mweusi wa mita kwenye graundi, mwekundu kwenye pini ya data. Kila aina ya ishara, yaani TTL, BTL au GTL, ina volti yake. Ukisoma karibu volti 3, hiyo ni TTL ya ubao wa kiwango cha VME, yenye rezista ya omu 330 kwenda volti 5 na 470 kwenda graundi. Volti 2.1 ni BTL, ile ya ubao wa kiwango cha Futurebus+. Volti 1.5 ni GTL+, na 1.2 ni GTL.

Tofauti hizo si ndogo. TTL huhesabu chini ya 0.8 kuwa hali ya chini, na juu ya 2.0 kuwa hali ya juu. BTL ikishuka huishia kama 1.1, kwa sababu kwenye transista ya kutolea imewekwa dayodi ya Schottky makusudi, ili kila kadi isiulemee ubao kwa kapasitansi yake. Kwa TTL, 1.1 haiko chini wala juu. Chipu itasoma inavyojisikia, leo hivi, kesho vile. GTL ndiyo balaa: juu yake ni 1.2, na BTL hutenganisha chini na juu kwenye 1.55. Kadi ya BTL humo itaona hali ya chini milele.

Kusoma vibaya kuna nafuu. BTL na GTL huvuta chini tu, kupanda ni kazi ya rezista. TTL ya kawaida husukuma pande zote. Ichomeke humo, isukume juu wakati jirani anavuta chini, uone chipu inavyochemka.

Dawa ni transiva ya kutafsiri, yaani chipu ya kutuma na kupokea inayobadilisha volti za ishara, tena ikae kwenye kadi, jirani kabisa na konekta: SN74FB2040 kwa TTL na BTL, SN74GTL16612 kwa LVTTL (TTL ya volti 3.3) na GTL. Rezista mbili za kugawa volti nazikubali kwenye waya wa riseti, si kwenye data.

LVTTL ya 3.3 kwenda TTL ya volti 5 haina shida. Kwenda chipu ya familia ya HC ya volti 5, inayotaka kama 3.5 kwa hali ya juu, weka badala yake ya HCT, inayosoma viwango vya TTL.

Walio karibu na bahari, Mikindani au Lindi, chumvi hula miguu ya rezista za mwishoni. Kwenye ubao wa BTL, zima umeme, pima omu kati ya njia ya data na laini ya volti 2.1. Kama kila upande una rezista ya 33, mita ionyeshe 16 na ushee. Ikionyesha 33, moja imekatika, hata kama volti bado zinasoma 2.1.