Maswali ya Wasomaji: Hedifoni za ohm 300, kigeuzi na amplifaya ya nyumbani

SWALI: Mhariri, mjomba wangu anayefanya kazi Maskati aliniletea hedifoni za Sennheiser HD 600 alipokuja likizo. Nikizichomeka kwenye kompyuta mpakato yangu sauti ni safi, lakini iko chini hata nikipandisha hadi mwisho, na taarabu za zamani ndizo zinazofifia zaidi. Fundi mmoja amenishauri ninunue kigeuzi (kifaa kinachogeuza namba za muziki kuwa umeme) na amplifaya (inayoupa umeme huo nguvu), kila kimoja na sanduku lake, na bei aliyonitajia inazidi bei ya hedifoni zenyewe. Je, ni lazima nivinunue vyote viwili, na nitajuaje kinachonifaa? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, usitoe hata shilingi kabla hujapiga hesabu ndogo, kwa sababu jibu la swali lako limo katika maelezo ya hedifoni zenyewe, wala halimo katika tangazo la duka. Hedifoni hizo, zilizoanza kuuzwa mwaka 1997 na ambazo bado zinatengenezwa, zina ukinzani, yaani kiasi zinavyouzuia umeme kupita, wa ohm 300, na zikipewa umeme wa miliwati 1 (sehemu ya elfu ya wati) hutoa sauti ya desibeli 97 hivi. Tarakimu hizo mbili zinatosha kukuonyesha shida iko wapi.

Kompyuta mpakato nyingi, sauti ikifikishwa mwisho, hutoa kati ya nusu volti na volti 1 kwenye tundu la hedifoni. Zidisha volti kwa volti, kisha gawanya kwa ohm, utapata wati: nusu volti kwenye ohm 300 ni miliwati 0.83 tu, yaani sauti ya desibeli 96. Hiyo inaweza kuonekana kuwa sauti kubwa, na ni kubwa kweli, lakini hicho ni kilele, pale ngoma inapopigwa au mwimbaji anapopaza sauti. Sehemu kubwa ya muziki hukaa desibeli 15 hadi 20 chini yake. Isitoshe, rekodi nyingi za zamani zilizohamishwa kutoka kwenye kanda ziliwekwa kwa kiwango cha chini, kwa hiyo hata kilele chenyewe hakifiki hapo. Ndiyo maana fidla na kanuni za taarabu zako zinasikika kana kwamba zinapigwa nyumba ya jirani.

Mimi hupenda kuacha nafasi hadi kilele cha desibeli 110. Sikuambii usikilize muziki kwa kiwango hicho. Nataka rekodi iliyo chini ipate pa kupandia. Kutoka 97 hadi 110 ni desibeli 13. Kila desibeli 10 hudai umeme mara kumi na kila desibeli 3 hudai mara mbili, kwa hiyo unahitaji miliwati 20, ambazo kwenye ohm 300 hupatikana kwa volti 2.5 hivi. Amplifaya yoyote inayofikisha volti hizo bila sauti kupasuka inakutosha, na yenye volti 4 inakupa akiba ambayo huenda usiiguse kamwe.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa na tarakimu zilizoandikwa kwenye boksi. Boksi likisema wati 1, uliza ni wati 1 kwenye ohm ngapi. Mara nyingi ni kwenye ohm 32, na volti zinazotoa wati 1 kwenye ohm 32, yaani volti 5.7 hivi, kwenye hedifoni zako zitatoa miliwati 107 tu. Kwako hizo ni nyingi mno, lakini si ile wati 1 uliyolipia. Kuna pia hedifoni zenye ohm chache ambazo ni ngumu kuendeshwa kuliko zako. Mfano ni HiFiMAN Sundara, ambazo zina ohm 37 lakini hutoa desibeli 94 kwa miliwati 1: ili zifike 110 zinataka miliwati 40, ambazo kwa volti ni 1.2 tu, ila mkondo wa umeme ni miliampia 33, mara nne ya ule unaohitajiwa na HD 600. Ohm nyingi hudai volti, na ohm chache pamoja na uzito wa kuitika hudai mkondo. Amplifaya inayomfaa jirani yako mwenye hedifoni za aina nyingine inaweza isikufae wewe, hata kama aliinunua ghali.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: anza na kile kifaa kidogo cha USB-C, kinachotoshana na kidole gumba, ambacho ndani yake mna kigeuzi na amplifaya pamoja. Vingi vya siku hizi hutoa volti 2, nazo kwenye ohm 300 ni miliwati 13, yaani kilele cha desibeli 108. Kisome maelezo yake kabla ya kulipa, kwa sababu vya bei ya chini kabisa hutoa volti 1 au chini ya hapo, na hivyo havitakutoa mbali na pale ulipo. Kichomeke kwenye kompyuta yako au kwenye simu, cheza taarabu ile ile iliyokuwa ikififia, na usikilize kwa wiki nzima. Ikiwa bado unapandisha hadi mwisho na unatamani zaidi, hapo nenda kwenye sanduku la mezani.

Nikifika kwenye sanduku la mezani, kwa nyumba ya kawaida nachagua lenye kigeuzi na amplifaya ndani yake kuliko masanduku mawili. Masanduku mawili yanataka adapta mbili, waya mbili za kupitishia sauti (za RCA) kati yake na soketi mbili ukutani, na kila waya unaoongezeka ni njia nyingine ya mvumo kuingilia. Sababu ya kweli ya kutenganisha ni pale unapokuwa tayari na kimoja kinachofanya kazi vizuri. Angalia lisiwe na ukinzani mkubwa upande wa kutokea sauti: kanuni ambayo watu wa fani hii huitumia ni kwamba usizidi sehemu moja ya nane ya ohm za hedifoni. Kwako ni kama ohm 37, na amplifaya nyingi za sasa ziko chini ya ohm 2, hivyo huna cha kuogopa. Kanuni hiyo ina uzito zaidi kwa mwenye hedifoni za ohm 16 au 32 anayezichomeka kwenye amplifaya ya spika ya miaka ya nyuma, ambayo tundu lake la hedifoni mara nyingi limepitishiwa kwenye kikinza cha ohm mia na zaidi. Wewe kama unayo amplifaya ya namna hiyo nyumbani, ijaribu kabla ya kununua chochote: kwa ohm 300 huenda ikakupendeza, besi ikipanda kidogo tu.

Kuhusu kigeuzi, ambacho maduka hukiita DAC, nitasema wazi: ndicho sehemu ambayo fedha yako itakurudishia kidogo kuliko zote. Kazi yake ni kugeuza namba zilizohifadhiwa kuwa umeme unaopandashuka kama sauti. Namba za CD, tangu iingie sokoni mwaka 1982, ni sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde zenye biti 16, na hizo zinabeba sauti zote hadi hezi 20,000, ambako sikio la kijana mwenye afya ndiko linakoishia, pamoja na tofauti ya desibeli 96 kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu kabisa. Kigeuzi kizuri cha bei ndogo hufanya kazi hiyo kikamilifu. Maandishi ya kHz 768 (sampuli 768,000 kwa sekunde) kwenye boksi yanaeleza uwezo wa chipu. Hayaongezi chochote katika nyimbo ulizonazo. Mwaka 2020 kiwanda cha chipu cha kampuni ya AKM huko Nobeoka, Japani, kiliteketea kwa moto, na baadhi ya vifaa vilivyokuwa vikitumia chipu zake vikarudi sokoni vikiwa na chipu za kampuni ya ESS ndani ya boksi lile lile. Kifaa kilichotengenezwa kwa uangalifu kilibaki kizuri, kwa sababu mzunguko unaoizunguka chipu una kazi kubwa kuliko jina lililoandikwa juu yake.

Kinachobadilisha sauti kuliko kigeuzi ni chanzo. Spotify ya kulipia, kwa kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde, hutumia megabaiti 144 kwa saa moja ya kusikiliza. CD isiyobanwa ni megabaiti 635 kwa saa. Mwenye kununua bando kwa siku ataelewa tofauti hiyo bila kufafanuliwa, nami sioni aibu kusema kwamba kilobiti 320 zinatosha kwa usikilizaji wa furaha. Ukitaka kujua kama sikio lako linatofautisha vifaa viwili, mwombe mtu wa nyumbani akubadilishie bila kukuambia, na kwanza hakikisheni vyote vina sauti sawa, kwa kuwa kilicho juu hata kwa desibeli 1 hudhaniwa kuwa kizuri zaidi.

Jambo moja linanigusa sana. Ukimwagiza ndugu aliye Marekani akuletee amplifaya ya mezani, mwambie asome adapta kabla hajalipa. Adapta nyingi ndogo huandikwa volti 100 hadi 240, na hizo hazina shida. Lakini zipo amplifaya za huko zinazokuja na adapta ya transfoma, ile nzito kama jiwe, iliyoandikwa volti 120 tu. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 inaungua. Niliishika moja mkononi nyumbani kwa rafiki yangu, plastiki imevimba upande mmoja na harufu ya vanishi ya shaba iliyoungua haijaondoka, na amplifaya yake haikupata kutoa hata wimbo mmoja. Baadhi ya adapta hizo, tena, hutoa mkondo geu wa AC badala ya DC, ule wa upande mmoja, kwa hiyo adapta ya kwanza utakayoiona dukani yenye volti zinazofanana haiwezi kushika nafasi yake. Kwetu, ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, mimi nakipenda kifaa kinachokula umeme wa USB pekee: kinaendelea kuimba kwa betri ya kompyuta gizani.

Na kwa kuwa sasa utakuwa na nguvu ya kutosha, zingatia kiwango. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Hedifoni zako ziko wazi nyuma, hivyo ukisikia feni na watu wa nyumbani wakizungumza usishindane nao kwa kupandisha sauti; funga mlango.

SWALI: Ninatumia hedifoni zisizo na waya, za Bluetooth. Je, nikinunua amplifaya ya mezani sauti itaboreka? Msomaji, Kigali.

JIBU: Haitaboreka. Hedifoni za Bluetooth zina kigeuzi na amplifaya yake ndani, na muziki huzifikia ukiwa bado ni namba, kwa hiyo amplifaya ya mezani haina mahali pa kuingilia. Zikiwa na tundu la waya unaweza kuzichomeka, lakini baadhi hata hapo huendelea kutumia amplifaya ya ndani. Fedha hiyo iwekeni kwenye hedifoni za waya.

SWALI: Mhariri, nina sanduku la mezani lenye kigeuzi na amplifaya, nimeliunganisha na kompyuta mpakato kwa USB na waya mwingine unakwenda kwenye spika zenye amplifaya ndani. Nikichomeka chaja ya kompyuta, nasikia mvumo kwenye spika na kidogo kwenye hedifoni. Je, nibadilishe kigeuzi? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Usikibadilishe, kwa maana kigeuzi hakina kosa. Chomoa chaja uone. Mvumo ukikoma, umeme wa ardhi unazunguka kati ya chaja, waya wa USB na plagi ya spika, kila kimoja kikiwa na njia yake ya kwenda ardhini. Hatua ya kwanza haina gharama: chomeka kompyuta, sanduku na spika kwenye ekstensheni moja inayotoka soketi moja. Mara nyingi mvumo hupungua hapo hapo. Usipokoma na kompyuta yako ina tundu la sauti kwa mwanga, tumia waya wa mwanga badala ya USB, kwa kuwa mwanga haupitishi umeme. Kompyuta isiyo na tundu hilo itahitaji kitenganishi cha USB, kinachokata njia hiyo ya umeme kwenye waya wa USB, ambacho kinauzwa peke yake. Kuna watu watakaokushauri ukate au ufunike pini ya ardhi ya plagi. Nakuomba usifanye hivyo: pini hiyo ndiyo inayokinga mwili wako chaja ikiharibika, na hakuna mvumo unaostahili hatari hiyo.

Kama baada ya kuchomoa chaja bado unasikia mlio, usikilize vizuri. Ukiwa ni wa kukatika-katika, teteteté, teteteté, muda mfupi kabla ya simu kuita au ujumbe kuingia, huo ni wa simu iliyo karibu na waya. Isogeze hadi upande wa pili wa meza.