Trio ya jazz ya wanawake pekee ilikuwepo: msikilizeni Beryl Booker

Mleta mada ameuliza kama zamani palikuwa na trio ya jazz, yaani kundi la wapigaji watatu, ya wanawake pekee, na kama waliacha chochote cha kusikiliza. Mkuu, walikuwepo, na walirekodi. Mimi niliwafikia kwa kupitia mlango wa nyuma.

Ninaishi Ujerumani, na Jumapili huwa napekua santuri kwenye soko la mitumba. Siku moja nikapata sahani ya Billie Holiday, yule mwimbaji wa jazz wa Marekani, iliyorekodiwa jukwaani katika ziara yake ya Ulaya mwanzoni mwa 1954. Nikaiweka nimsikilize Billie, lakini sikio likawa linavutwa na dramu zilizo nyuma yake. Zilimfuata pole pole, hazimkimbizi, hazimwachi. Nikageuza jalada kutafuta jina la mpigaji: Elaine Leighton. Nilikuwa nimesikiliza jazz zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kulisikia jina hilo. Usiku ule sikulala mapema.

Elaine ndiye aliyenipeleka kwa Beryl Booker. Huyu alizaliwa Philadelphia mwaka 1922, akajifunza piano mwenyewe, nota hakuzijua. Alipiga miaka kadhaa na Slam Stewart, yule wa besi, akamsindikiza pia mwimbaji Dinah Washington. Mwaka 1953 akaunda trio yake: yeye kwenye piano, Bonnie Wetzel kwenye besi, Elaine kwenye dramu. Wakarekodi kwa kampuni ya Discovery, halafu mwandishi Leonard Feather akawaingiza kwenye ziara ya Jazz Club USA pamoja na Billie na wanamuziki wenzake wa jazz Red Norvo na Buddy DeFranco. Walipofika Paris wakaingia studio na mpuliza saksafoni Don Byas.

Sasa angalia kilichotokea. Zile za Paris wengi wetu tunazijua kama kazi za Don Byas. Elaine yumo kwenye santuri za Billie. Muziki wao haukupotea, umekaa kwenye makabati yetu kwa majina ya watu wengine. Hilo linaniuma mpaka leo, maana trio yenyewe haikudumu, na Bonnie alifariki 1965 akiwa hajafika hata miaka 40. Beryl akamfuata 1978.

Na upigaji wa Beryl! Ukimpenda mpiga piano Erroll Garner utamtambua mara moja: kodi (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) nzito za mikono miwili, zinachelewa kidogo kama mtu anayejua wenzake watamsubiri. Kwenye nyimbo za taratibu anakuwa mpole kiasi kwamba unasikia besi ya Bonnie ikipumua. Kwangu mimi hapo ndipo walipo bora kuliko kwenye zile za kasi.

Anza na rekodi za Discovery za 1953, kwa sababu humo wako peke yao bila mgeni. Ukipenda, mtafute pia mpiga piano Mary Lou Williams alivyorekodi kwa kampuni ya RCA Victor mwaka 1946 na June Rotenberg kwenye besi na Bridget O'Flynn kwenye dramu. Nao ni wanawake watatu.

Halafu wenye santuri za wazee nyumbani, geuzeni majalada, someni yale maandishi madogo ya wapigaji. Mkikuta jina la mwanamke kwenye besi au dramu, liwekeni hapa tulifuatilie pamoja.