Radi baharini, waya dimbwini

Vuli imeanza kunguruma na maswali yamejaa. Yaliyouliza kama radi hutumwa nimeyaweka kando.

Shikamoo fundi. Radi ikipiga bahari pale Raskazone, Tanga, muogeleaji awe umbali wa mita ngapi ili asalimike? (Chumbageni)

Marahaba. Kila msimu wa mvua swali hili, na kila msimu nasema sitaji mita. Pigo la kawaida hubeba ampea 30,000 hivi, mengine hupita hapo mara kadhaa, na hakuna ajuaye lijalo litatua wapi. Ukisikia ngurumo, toka majini. Kaa ndani mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ndani maana yake nyumba au gari, si banda la makuti wala chini ya mwembe.

Kama bahari inapitisha umeme, mbona samaki hawafi wote? (Nahodha, Kigombe)

Hili sasa ndilo swali. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, hivyo radi ikitua husambaa pande zote na kupungua nguvu kadiri inavyokwenda. Halafu pigo lenyewe ni la kufumba na kufumbua, na umeme wa haraka namna hiyo hauzami sana: sehemu kubwa hubaki kwenye mita chache za juu. Chewa aliyelala chini mwambani hana habari. Mwenye habari ni muogeleaji, maana kichwa chake kiko palepale umeme unapopita.

Na wewe nahodha usijisahau. Katikati ya bahari tambarare, mlingoti wako ndio mrefu kuliko vyote, na mbao iliyolowa chumvi inapitisha umeme. Hesabu sekunde kutoka mwanga mpaka ngurumo, gawa kwa 3, utapata kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, ulitakiwa uwe umeshageuza. Ukinaswa, shusha tanga, chuchumaa mbali na mlingoti, mikono usiitie majini.

Basi bwawa la Mabayani ni salama zaidi, kwa kuwa maji baridi hayapitishi umeme sana?

Kinyume chake. Mwili wako una chumvi, unapitisha umeme kuliko maji ya bwawa, kwa hiyo umeme hujikusanya kwako. Baharini maji ndiyo njia rahisi, na mwingi hukupita pembeni. Tena maji yasipoupokea umeme upesi, volti hubaki kubwa pale juu, na cheche zinaweza kutambaa usoni mwa maji zikichipua matawi kama mizizi ya mkoko. Michoro ya namna hiyo Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg aliiona kwenye vumbi mwaka 1777. Lakini sijasema bahari ni salama, msije mkanisingizia.

Nguo nyekundu na vioo huvuta radi?

Hapana.

Waya wa nguzo umeangukia dimbwi mtaani kwetu Ngamiani. Ndara za mpira zinatosha kuvuka?

Hazitoshi. Hapa nataja mita: 10, na zaidi kama ni waya wa laini kubwa. Volti hupungua kadiri unavyouacha waya, kwa hiyo mguu wa mbele na wa nyuma huwa na volti tofauti, umeme ukapanda huu na kushuka ule. Ukishtuka uko karibu, buruza nyayo zikiwa zimegusana, usipige hatua. Wafukuzeni watoto, pigieni TANESCO simu, na yule shujaa wa kuja na fimbo mkamateni.

Nikioga, bomba hunitekenya mkono. Fundi anasema ni kawaida ya hita.

Fundi huyo asirudi kwako. Umeme unavuja na nyumba ama haina ethi, yaani waya wa kuupeleka ardhini umeme unaovuja, ama ina waya wa ethi uliochomekwa ukutani kwa ajili ya macho ya mwenye nyumba. Nimezifungua nyumba za namna hiyo mpaka nimechoka. Zima meni swichi leo. Ita fundi mwenye leseni aje na kipimo cha ethi, si testa ya bisibisi, na afunge kile kifaa kinachokata umeme ukivuja. Mpaka hapo, familia nzima iogee ndoo.