Barua kwa mwanangu: deni aliloacha wakala wako Kibaigwa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mkulima anaweza kukudai wewe fedha za magunia 60 ya mahindi ambayo wakala wako wa pale soko la nafaka la Kibaigwa, Dodoma, aliyachukua kwa mkopo, ilhali ulishamwagiza anunue kwa taslimu tu. Mama, anaweza, na mahakamani naona atakushinda.

Yule mkulima hakuwepo ulipompa wakala agizo hilo. Alichokiona yeye ni kijana mwenye kitabu cha risiti chenye jina la duka lako, anayepakia kwenye lori lako, na ambaye msimu uliopita alikopa mara mbili ukalipa bila neno. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamfunga aliyemtuma wakala, ikiwa kwa maneno au matendo yake amemfanya mtu wa nje aamini kwamba wakala ana mamlaka. Katazo lenu la faragha halimhusu mkulima, isipokuwa kama alilijua. Inaniuma kwamba yale madeni mawili uliyalipa kimyakimya, maana hapo ndipo ulipompa kijana mamlaka ya kukopa.

Na mahindi umeshayauza? Kama uliyapokea ukijua yamekopwa, umeridhia mkopo huo, na kuridhia hakukatwi vipande: huwezi kubeba magunia ukaacha deni.

Wakala kwa kawaida hadaiwi binafsi, mradi ametaja anamnunulia nani. Akiandika jina lake tu bila “kwa niaba ya”, mkulima anaweza kumbana yeye au wewe.

Kwa hiyo mlipe mkulima, ndipo umgeukie wakala kwa kukiuka agizo. Lakini kwake utadai hasara tu. Kama taslimu gunia lilikuwa 68,000 naye akakopa kwa 75,000, dai lako ni 7,000 mara 60, yaani shilingi 420,000. Mahindi yenyewe uliyapata.

Ukimwachisha kazi wakala, usiishie kumwambia yeye peke yake. Kwa watu wa nje, uwakala unaendelea mpaka wapate habari kwamba umekoma. Chukua kitabu cha risiti na mhuri siku hiyohiyo, wapigie simu wakulima wote aliokuwa akinunua kwao, kisha peleka barua ofisi ya soko na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Atakayefuata mpe barua ya uwakala yenye kiwango cha juu cha bei na tarehe ya mwisho, aionyeshe kabla gunia la kwanza halijapanda mzani. Iandikwe kwa herufi kubwa: “Taslimu tu. Mkopo hautambuliki bila sahihi ya mwenye duka.”

Baba yako