Vifaa saba, modemu ya matundu manne: ninunue ruta nyingine?

SWALI: Fundi, habari za kazi? Naishi Tabata Segerea, nimefungiwa intaneti ya faiba na modemu yake ina matundu manne ya waya. Nina televisheni mbili, kompyuta mbili, mashine ya gemu ya watoto, printa na mashine ya kurekodi kamera. Nataka vyote viende kwa waya, maana Wi-Fi huku vyumba vya nyuma ni ya kubahatisha. Fundi mmoja kasema ninunue vichwa vya kugawa waya. Mwingine kaleta ruta ya zamani akaichomeka. Tangu hapo kompyuta moja inapata intaneti, nyingine haipati, kesho yake zinabadilishana. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri, dada. Unachohitaji ni swichi (kisanduku cha kuongeza matundu ya mtandao) ya matundu manane, ile ya kawaida isiyo na cha kupanga wala nywila. Waya mmoja utoke tundu lolote la LAN la modemu (yale manne ya vifaa) uingie kwenye swichi. Matundu saba yanayobaki ndiyo ya vifaa vyako. Na bado matundu matatu ya modemu yako wazi, siku mgeni akija na laptopu yake.

Vile vichwa vya kugawa achana navyo. Ndani ya waya wa mtandao kuna nyaya ndogo nane, yaani jozi nne. Kichwa kile hupeleka jozi mbili huku na mbili kule, kisha upande wa modemu lazima ufunge kingine kama hicho, nacho kinakula matundu mawili yale yale uliyokuwa unayakimbia. Juu ya hapo, kila kifaa kinabaki na jozi mbili tu, ambazo mwisho wake ni megabiti 100 kwa sekunde.

Sasa hiyo ruta ya zamani. Kwa dalili ulizoeleza, karibu nina uhakika ndiyo mchawi wenyewe. Kila kifaa kikiwaka huomba anwani (namba ya kukitambulisha kwenye mtandao), na kazi ya kugawa anwani inaitwa DHCP. Hapo kwako wagawaji ni wawili. Kompyuta iliyojibiwa na modemu inapita. Iliyojibiwa na ruta ya zamani inaambiwa njia ya kutokea ni kwenye ruta hiyo, ambayo yenyewe haina intaneti. Nani kawahi kujibu leo, hilo ni bahati nasibu. Ing'oe. Ukitaka ikusaidie Wi-Fi huko nyuma, ingia kwenye mipangilio yake, ipe anwani isiyogongana na ya modemu (modemu ikiwa 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2), zima DHCP yake, halafu waya kutoka tundu lililobaki wazi la modemu uchomeke tundu la LAN la ruta hiyo, siyo la WAN (lile la kupokelea intaneti).

Swichi si ghali, tena hudumu. Hela yako iweke kwenye waya. Pale Kariakoo utauziwa boksi limeandikwa Cat6 (daraja la waya wa mtandao) kwa bei ya kutupa, kumbe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kabla hujalipa, omba kipande, menya ncha ya waya mmoja kisha ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe, rudisha. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Aluminiamu hukatika kwenye kichwa cha RJ45 (kile cha plastiki cha mwisho wa waya), na kama kamera zako zinapewa umeme kupitia waya huo huo, waya hupata joto na umeme hufika kamerani umepungua. Cat5e, daraja la chini ya Cat6, ikiwa ya shaba tupu inabeba gigabiti moja (megabiti 1000) kwa sekunde hadi mita 100. Nyumba yako haifiki huko. Mwambie fundi asiupitishe kwenye bomba moja na nyaya za umeme, na unaopita nje uwe wa ganda jeusi la nje, maana jua la Dar hupasua ganda la kawaida.

Akimaliza kubana vichwa, usimlipe kwa kuangalia kama intaneti imekuja tu. Swichi nyingi za gigabiti zina taa ya rangi moja kwa kasi ya megabiti 1000 na nyingine kwa 100. Kompyuta yenye uwezo wa gigabiti ikiwasha taa ya 100, mara nyingi kuna waya mdogo mmoja haujagusa kwenye kichwa: intaneti itakuja, lakini kwa kasi ya jozi mbili. Akate kichwa, abane upya.

Waonye na watoto wasichukue waya unaoning'inia wakachomeka ncha zote mbili kwenye swichi moja. Swichi za kawaida nyingi hazina kinga ya hilo: taa zote zitapepesa kwa pamoja kama wazimu na nyumba nzima itakosa mtandao hadi mtu autoe.

Umeme ukikatika, huwezi kuziona kamera kwa mtandao kama swichi imezimika. Zipo UPS (betri za akiba) ndogo za modemu, zinazoweza kuwasha na swichi. Kabla ya kununua soma kibandiko cha adapta ya swichi, kwa sababu nyingine zinakula volti 5, nyingine 9, nyingine 12, na ukiipa 12 ile ya 5 umeiua papo hapo.