Dinari yenye IVLIA AVGVSTA ni ya nani, na uanzie wapi

Mkuu, umeuliza mambo mawili: dinari ya fedha uliyoachiwa na baba mdogo, yenye sura ya mwanamke na maneno IVLIA AVGVSTA, ni ya nani, na ukitaka kuendelea kukusanya sarafu za wanawake wa Kirumi uanzie wapi usije ukatapeliwa. Nakusanya sarafu hizi mwaka wa tisa sasa na ninazo ishirini na mbili tu. Nitajibu kwa kirefu, maana ukilielewa jibu la swali la kwanza, la pili linakuja lenyewe.

Huyo ni Julia Domna, mke wa Kaisari Septimius Severus. Warumi waliandika V mahali pa U na I mahali pa J, kwa hiyo soma "Julia Augusta". Augusta ni cheo walichopewa wanawake wa nyumba ya Kaisari. Akina Julia walikuwa wengi, lakini kwenye dinari, jina likiishia hapo bila nyongeza, ni yeye. Mumewe alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo. Yeye alitoka Emesa, ndiyo Homs ya Syria, binti wa kuhani. Mwaka 208 walikuja Uingereza vitani, na Februari 211 Severus akafia York. Mimi naishi Leeds, York ni mwendo mfupi wa treni, na sikuwahi kujua habari hiyo mpaka niliposhika sarafu ya mkewe.

Sasa tazama maandishi, kwa sababu ndiyo yanayokupa umri. Kati ya 193 na 196 aliandikwa IVLIA DOMNA AVG. Baada ya hapo IVLIA AVGVSTA mpaka 211, kwa hiyo yako ni ya miaka hiyo. Kisha ikawa IVLIA PIA FELIX AVG hadi alipofariki mwaka 217. Pia felix ni kama kusema mchamungu, mwenye heri. Severus alipokufa aliwaachia dola watoto wawili, Caracalla na Geta, ambao hawakuivana. Mwishoni mwa 211 Caracalla akajifanya anataka wapatane mbele ya mama. Geta alipofika, askari wakamuua akiwa amemng'ang'ania mama yake. Cassius Dio, aliyeishi zama hizo, ameandika kwamba Domna mwenyewe alijeruhiwa mkono, na hata kumlilia mwanawe hakuruhusiwa. Hizo dinari za "mwenye heri" ndizo zilizotolewa na mtoto aliyebaki. Ninayo moja. Siwezi kuishika bila kuwaza hilo, na ndiyo sababu sikusanyi makaisari wenyewe.

Kwa hiyo ushauri wangu: usifukuzie majina yote. Kuna wanawake ambao sarafu zao ni adimu mno, kama Manlia Scantilla na bintiye Didia Clara, ambao baba wa nyumba alitawala wiki chache tu mwaka 193. Ukianza na orodha utakwama hapo na pesa itakwisha. Fuata familia moja, na familia unayo tayari mkononi. Dada yake Domna, Julia Maesa, ndiye aliyepanga mjukuu wake Elagabalus atawazwe na jeshi mwaka 218. Maesa alikuwa na mabinti wawili. Soaemias, mama wa Elagabalus, aliuawa pamoja na mwanawe mwaka 222. Mamaea, mama wa Severus Alexander, Kaisari aliyemfuata Elagabalus, naye aliuawa pamoja na mwanawe mwaka 235, karibu na Mainz. Wote hawa wanapatikana kwenye dinari kwa bei ya mtu wa kawaida, Soaemias akiwa mgumu kidogo. Ukizipanga nne hizo mezani una miaka arobaini ya dola iliyoshikiliwa na wanawake wa mji mmoja wa Syria.

Ukitaka ya rahisi zaidi ya kujifunzia macho, nunua Faustina Mkubwa, mke wa Kaisari Antoninus Pius. Alipofariki, mumewe alimtolea sarafu za kumbukumbu, DIVA FAVSTINA, kwa miaka mingi, na bado zimejaa sokoni.

Kuhusu utapeli, niseme yaliyonipata. Sarafu yangu ya kwanza ilikuwa Plautilla, mke wa Caracalla, niliyoinunua kwenye mnada wa mtandaoni kwa pauni 60. Niliitaka kwa sababu nyuma yake imeandikwa PROPAGO IMPERI, yaani kizazi cha kuendeleza dola, na bwana na bibi harusi wameshikana mikono. Waliozwa mwaka 202. Caracalla hakumtaka hata kidogo. Mwaka 205 baba mkwe aliuawa, binti akapelekwa uhamishoni Lipari, na baadaye akauawa huko. Ile yangu ilikuwa nzuri kupita kiasi. Mwezi mmoja baadaye nikaona nyingine inauzwa, ina pengo lilelile chini ya kidevu. Moyo ulinishuka. Sarafu za Kirumi zilipigwa kwa nyundo, moja moja. Mbili zinaweza kutoka kwenye chapa moja, lakini pengo na ufa wa pembeni haviwezi kufanana. Vikifanana, zimemiminwa kwenye kalibu. Nilipoipima ilikuwa gramu 2.3, wakati dinari ya wakati ule kwa kawaida ina gramu 3 na kitu. Kwenye ukingo kulikuwa na mstari mwembamba uliopigwa tupa. Mizani ndogo ya sonara na kioo cha kukuzia vingeniokoa.

Kingine kilichonisaidia ni nywele. Mama yangu alikuwa msusi Tanga na nimekulia kwenye mkeka wake, kwa hiyo nilijikuta natazama kichwa kabla ya herufi. Faustina Mkubwa misuko yake imezungushwa utosini kama kata ya kubebea ndoo. Bintiye, Faustina Mdogo, ana fundo kisogoni. Domna amepigwa mawimbi mazito kama matuta ya viazi, yakishuka hadi shingoni. Mtengeneza feki hukosea hapo: misuko inakuwa laini, kama sabuni iliyotumika. Fungua OCRE, katalogi ya bure ya American Numismatic Society, andika maneno yaliyo kwenye sarafu yako, kisha linganisha na picha za makumbusho.

Na tafadhali usinunue kitu ambacho muuzaji hawezi kusema kilikuwa kwa nani kabla yake. Tangu vita vya Syria vianze mwaka 2011, mji wa kale wa Apamea umechimbwa na waporaji hadi picha za setilaiti zinaonyesha ardhi imejaa mashimo. Hiyo ndiyo nchi ya akina Domna. Mimi nimeacha sarafu mbili za Maesa nilizozitamani sana kwa sababu hiyo tu. Dai karatasi ya mnada wa zamani au risiti, na yako andika tangu leo kwamba ilikuwa ya baba mdogo.

Ukishazoea, siku moja mtafute Otacilia Severa, mke wa Kaisari Filipo Mwarabu. Mwaka 248 Roma ilitimiza miaka 1,000, na kwenye sarafu yake ya sherehe hizo nyuma kuna kiboko. Kiboko kabisa, amesimama. Yangu nimeisubiri miaka minne.

Hiyo yako usiisugue kwa dawa ya meno wala majivu. Ipime, piga picha pande zote mbili, uziweke hapa. Kama nyuma kumeandikwa PIETAS AVGG, angalia vizuri: utaona mwanamke aliyejitanda ushungi, amesimama mbele ya madhabahu, anavukiza ubani.