Kasuku hataki maji, nimuoshe kwa nguvu?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, tuna kasuku wa kijivu, shemeji yangu alihamishwa kikazi akatuachia pamoja na vibali vyake. Huyu ndege hataki maji kabisa. Nikishika tu chupa ya kupulizia anapiga kelele anajigonga kwenye waya, nikimwekea beseni analikimbia. Alafu ukimgusa mkono unabaki na unga mweupe, na vumbi la huku unalijua. Jirani yangu mfuga kuku anasema huo unga ni utitiri, nimshike nimuoshe na sabuni ya unga alafu nimsuuze na dawa kidogo ya kuogeshea ng'ombe. Ni sawa? Na nitamzoeshaje maji?

JIBU: Marahaba dada. Usimuoshe. Sabuni hapana, na hiyo dawa ya josho usiitoe hata stoo, au kama bado iko kwa jirani iache hukohuko.

Nianze na huo unga maana ndo unaoniletea wagonjwa. Unga ni wake. Kasuku wa kijivu ana manyoya laini ya chini, karibu na ngozi, ambayo ncha zake zinasagika zenyewe zinakuwa unga mweupe, akijichambua anausambaza mwili mzima na unamsaidia kutunza manyoya yake. Mimi nikiletewa kasuku wa kijivu nikampapasa mkono ukatoka msafi, alafu nikaangalia mdomo nikaukuta unang'aa mweusi tii badala ya kuwa na ule ukungu wa kijivu juu yake, hapo ndo naanza kuwaza magonjwa, na kuna kirusi kibaya cha mdomo na manyoya ambacho dalili yake mojawapo ni hiyo ya unga kupotea. Wako ana unga, shukuru.

Kama utitiri bado unakusumbua kichwani, na kwa vile jirani ana kuku siwezi kukulaumu, upime. Utitiri mwekundu wa kuku mchana unajificha kwenye nyufa, unatoka usiku kunyonya damu. Jioni funika tundu kwa shuka jeupe ukiacha nafasi ya hewa, alfajiri ligeuze uangalie kwenye mikunjo na kwenye maungio ya tundu, ukiona vidoa vyekundu au vyeusi vinatembea nipigie au uende kwa daktari wa mifugo aliye karibu. Usipoona kitu basi mada ya utitiri imeisha.

Sasa kuoga. Watu wanachukulia kuoga kwa kasuku ni kufua, kwamba kuna uchafu utoke. Sivyo. Unyoya umeundwa na vijinyuzi vinavyoshikana kwa ndoano ndogo ndogo sana, kama zipu, na maji yakimwagikia kidogo yanamchokoza ajichambue unyoya mmoja mmoja kwa mdomo toka kwenye shina mpaka ncha, hizo zipu zijifunge upya. Kazi yote anaifanya mwenyewe, we unampa maji tu. Ukimpaka sabuni unaondoa mafuta na unga wake, manyoya yananyonya maji mpaka kwenye ngozi, na ndege joto lake la kawaida ni kama nyuzi 40 hadi 42, akilowa hivo na upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita au wa saba anapoa haraka sana. Na ile kumshika ndo mbaya zaidi. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi, anavuta hewa kwa kusogeza mfupa wa kidari mbele na nyuma, ukimbana kifua "asiponyoke" umemziba pumzi hata kama pua na mdomo viko wazi, na hapo yuko kwenye hofu, maji yanamwingia puani. Nimeletewa ndege wamekufia mkononi kwa mtu anayewapenda, anabaki anasema "daktari nilikuwa namuosha tu".

Kumzoesha kunataka subira, na kasi anapanga yeye. Kwanza tafuta chupa mpya. Sio ya saluni iliyowahi kuwekwa dawa ya nywele na sio bomba la dawa ya mbu hata ulisuuze mara ngapi. Iweke ikiwa tupu mbali na tundu mahali anaiona, siku kadhaa, usiiguse. Akiacha kuikodolea isogeze kidogo, na kila ukiisogeza mpe mbegu ya alizeti, hapa kwetu hazikosekani, ila ziwe za zawadi tu zisiwe ndo chakula chake cha kila siku. Karanga naziogopa kwa ajili ya sumukuvu, labda uwe na uhakika zilivyohifadhiwa. Baadae weka maji, pulizia pembeni, pulizia mkono wako, cheka, watoto wajipulizie wafurahi, kasuku anaangalia sana nyie mnafanya nini. Ikifika zamu yake pulizia juu hewani ili manyunyu yamshukie yenyewe, kamwe usimlenge usoni.

Alafu msome. Anayetaka maji anatutumua manyoya, anaachia mabawa nusu, anatandaza mkia, anainamisha kichwa na kuanza kujipindapinda kwenye kiti chake, wengine wanatoa mlio wa raha. Asiyetaka anabana manyoya mpaka anaonekana mwembamba, shingo ndefu, anarudi nyuma, au anahema mdomo wazi. Ukiona hivo acha saa ileile, usiseme "tone moja la mwisho", hilo tone moja linakurudisha mwanzo kabisa.

Na chupa sio lazima. Kuna kasuku hapendi chupa maisha yake yote na bado anaoga vizuri. Beseni lako nadhani ni kubwa na refu, weka sahani nzito ya udongo yenye maji ya sentimita mbili au tatu tu. Mwingine ukimfungia fungu la mchicha uliooshwa unaotiririka maji juu ya tundu anajisugua humo huku anatafuna. Sauti nayo inasaidia, chukua jagi umimine maji toka juu kwenye bakuli asikie, alafu uyamimine tena yaleyale maana mgao wa maji tunaujua. Yawe maji ya vuguvugu kidogo au ya kawaida, yale mnayokunywa, visima vingine vya huku vina chumvi.

Muda ni saa tatu nne asubuhi, jua limeshachangamka, akauke mwenyewe sehemu isiyo na upepo yenye kivuli cha kukimbilia. Dryer ya nywele usimpulizie, baadhi zina ule mpako wa kuzuia kunata kama wa vikaango, ukipata moto sana unatoa moshi unaoua ndege ndani ya muda mfupi. Kiangazi hiki mpe nafasi ya maji mara kadhaa kwa wiki, akikataa leo sawa, atakubali kesho kutwa.

Nirudi kwenye dawa ya josho maana sio jirani yako peke yake. Ndege akinyonyoka manyoya kidogo mtu anakimbilia duka la pembejeo, na kuna muuzaji bila hata kumuona ndege anampimia kwenye kichupa cha soda, "changanya na maji ndoo moja muogeshe". Ile dawa imepimwa kwa ng'ombe wa mamia ya kilo mwenye kupe. Kasuku wa kijivu ana kama gramu 400 au 500, na akishapakwa anajichambua, yani anailamba yote. Anakuja anatetemeka, mate yanamtoka, miguu haishiki. Na mara nyingi hakuwa na mdudu hata mmoja! Kasuku anayejinyonyoa utakuta kifua na mapaja yapo wazi lakini kichwa kimejaa manyoya maana mdomo haufiki huko, na sababu ni upweke, kula mbegu tupu, hewa kavu au ugonjwa wa ndani. Vitu hivyo havitibiwi kwa dawa ya kupe, na mtu anayekuuzia dawa ya mnyama ambaye hajamuona muogope hata kama ameuza miaka mingi.

Kwa anayesoma hapa na ameshampaka, usimpe maziwa, hayazuii sumu na yanaweza kumpalia. Mweke kwenye boksi lenye matundu, giza na joto, mlete saa hiyohiyo, na uje na kichupa chenyewe au jina la dawa lililo kwenye lebo, kwa sababu hizo dawa ziko za aina tofauti na tiba ya moja haifai kwa nyingine.